Vidonge vya kuachia dawa taratibu kwenye famasi za Dodoma: kipi kinastahili bei yake

Famasi yoyote kubwa ya Dodoma mjini ina metformini za aina mbili kwenye rafu moja. Zote ni miligramu 500, dawa ni ileile ya kisukari, ila boksi moja limeongezewa herufi XR, SR au ER na bei yake iko juu. Mteja akiuliza tofauti, hujibiwa kwamba hiyo ya bei kubwa "inakaa muda mrefu mwilini". Si uongo, lakini jibu hilo halimsaidii kuamua. Nyongeza ile ya bei hailipii dawa. Inalipia malighafi iliyoizunguka dawa, iliyosanifiwa ili iamue dawa itoke lini na itokee sehemu gani ya njia ya chakula.

Tumepitia aina tano zinazotoka sana kaunta: metformini XR, omeprazoli ya kapsuli inayopunguza asidi ya tumbo, nifedipini ya presha, diklofenaki ya maumivu, na aspirini yenye ganda. Viwanda hatuvitaji. Boksi linaweza kubadilika shehena hadi shehena, na anayeelewa usanifu ataweza kulipima boksi lolote.

Kwanza njia yenyewe, kwa sababu ndiyo inayowapa wasanifu kazi. Tumbo tupu lina asidi kali, pH (kipimo cha uchachu, ambacho namba ndogo ni asidi kali zaidi) 1 hadi 3, na mlo unaipandisha hadi 4 au 5 kwa muda. Mwanzo wa utumbo mwembamba ni karibu pH 6, na mwisho wake hufikia 7.4 hivi. Kidonge hupita utumbo mwembamba kwa saa tatu hadi nne, awe mtu ameshiba au ana njaa. Kinachobadilika sana ni muda wa kukaa tumboni: kidonge kikubwa kisichosagika, kikimezwa na ugali wa uwele na mboga, husubiri humo kwa saa kadhaa hadi mlo utoke, kikimezwa na maji matupu kinaweza kusukumwa nje ndani ya saa moja au mbili. Baada ya hapo ni utumbo mpana, siku nzima au zaidi, mahali penye maji machache na ambapo dawa nyingi hazifyonzwi vizuri. Kwa hiyo boksi linapoahidi saa 24, elewa kwamba sehemu kubwa ya saa hizo kidonge kitakuwa utumbo mpana. Dawa isiyofyonzwa huko haiwezi kutimiza ahadi hiyo kwa polima, yaani ile malighafi inayoizuia dawa, peke yake.

Metformini XR

Huu ndio usanifu uliotupendeza kuliko yote, na ndio unaoharibiwa kirahisi zaidi na mtumiaji.

Metformini huyeyuka upesi mno kwenye maji, na hufyonzwa zaidi sehemu ya juu ya utumbo mwembamba. Sifa hizo mbili zinamkwaza msanifu. Kitu kinachoyeyuka upesi ni kigumu kukizuia, na ukikizuia kupita kiasi kinavuka eneo lake la kufyonzwa kikiwa bado kimefungiwa. Viwanda vingi huchanganya dawa na haipromelosi, polima inayotokana na selulosi ya mbao au pamba, kisha hukandamiza mchanganyiko uwe kidonge. Kikigusa maji, uso wake unavimba na kuwa uteute mzito kama mlenda, na dawa inabidi ipenye uteute huo kabla ya kufika nje. Maji yakizidi kuingia, tabaka linanenepa na safari ya dawa inarefuka, hivyo kasi inashuka saa hadi saa. Kanuni ya Higuchi, iliyoanza mwaka 1961 kwa dawa za kupaka na baadaye ikatumika kwa vidonge, inasema kiasi kilichotoka hufuata kipeuo cha pili cha muda. Maana yake ni hii: kidonge kilichotoa robo ya dawa kufikia saa ya kwanza kitakuwa kimetoa nusu ya dawa kufikia saa ya nne, na robo tatu kufikia saa ya tisa. Anayedhani dawa hutoka sawasawa kila saa anafikiria kifaa kingine, tutakifikia kwenye nifedipini.

Kwa kuwa dawa yenyewe ni miligramu 500 na ni nyepesi kuyeyuka, polima haiwezi kuwa ya kupaka juu tu. Mara nyingi huhitajika asilimia 30 hadi 40 ya uzito wa kidonge, na daraja zito, kwa mfano K100M, ambayo mchanganyiko wake wa asilimia 2 una mnato wa karibu milipaskali-sekunde 100,000. Ndiyo maana kidonge cha XR cha 500 hukaribia gramu moja na ni kirefu kiasi cha kuwasumbua wazee kukimeza. Lawama hiyo ni ya haki, ila ukubwa huo hauwezi kupunguzwa bila kuiondoa kazi yenyewe.

Kinachoharibika kiwandani ni vitu viwili hasa. Cha kwanza, chembe za polima zikiwa kubwa au kiasi chake kikipunguzwa ili kuokoa gharama, uteute unachelewa kujifunga. Maji yanapenya hadi katikati, kidonge kinapasuka, na kilichopangwa kutoka kwa saa kumi kinatoka ndani ya saa moja. Chembe nzuri ni zile ambazo angalau asilimia 90 zinapita chekeche ya maikroni 150 hivi. Cha pili, unga wa metformini haushikani vizuri unapokandamizwa, kwa hiyo vidonge hupata ufa kiunoni au hubanduka juu kama kofia. Ukiona ufa wa namna hiyo kwenye stripu, rudisha. Eneo jipya lililo wazi ni njia ya mkato kwa dawa.

Upo upimaji mdogo wa nyumbani. Weka kidonge kimoja kwenye glasi ya maji vuguvugu, karibu mililita 200, usikikoroge kwa nguvu. Metformini ya kawaida husambaratika kwa kawaida ndani ya robo saa. XR nzuri baada ya nusu saa inatakiwa iwe imevimba, inateleza ukiigusa kwa kijiko, na bado ni kipande kimoja. Ikigeuka unga chini ya glasi, mpelekee mfamasia stripu iliyobaki. Ikifaulu, usisherehekee sana: maabara hutumia vidonge sita kwa kuanzia, mililita 900 za kimiminika kwenye nyuzi joto 37, na hupima dawa iliyotoka angalau katika nyakati tatu. Glasi ya nyumbani inakamata kidonge kibovu kabisa, haimkamati mjanja. Na kidonge kilichopimwa kitupwe.

Sasa mtumiaji. XR humezwa na mlo wa jioni, na sharti hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ikimezwa na chakula, kiasi kinachoingia kwenye damu huongezeka kwa karibu asilimia 50 kuliko ikimezwa tumbo tupu, kwa sababu chakula ndicho kinachokizuia kidonge tumboni, juu ya eneo la kufyonza, kikitiririsha dawa kidogo kidogo. Kilele chake kwenye damu huja karibu saa saba baada ya kumeza. Anayekunywa XR alfajiri na maji ya kisima kisha akaondoka kwenda Kibaigwa bila kula amelipa bei ya kifaa na kukitumia nusu. Kipindi cha Ramadhani mlo wake wa asili ni futari, lakini mpango wa dozi aupange daktari mapema, si siku ya kwanza ya mfungo.

Jambo la kutoshtuka: kuona kitu laini chenye umbo la kidonge chooni. Hicho ni ganda la uteute lililobaki, dawa imeshatoka. Kwa mwenye kuharisha hali ni nyingine, maana kidonge kinaweza kupita kabla ya wakati, na hapo sukari ipimwe mara kwa mara zaidi.

Hukumu yetu: XR haishushi sukari kuliko metformini ya kawaida ya dozi ileile kwa siku. Inapunguza kichefuchefu na kuharisha, na inapunguza idadi ya kumeza. Kama ya kawaida imekukaa vizuri tumboni, huna sababu ya kulipa zaidi. Kama imekushinda kwa tumbo, XR inastahili kila shilingi, mradi uwe na uhakika wa mlo wa jioni.

Omeprazoli ya kapsuli

Hapa kazi ya malighafi inageuka. Hatutaki dawa itoke polepole. Tunataka isitoke kabisa tumboni. Omeprazoli ikikutana na asidi huharibika ndani ya dakika chache, kwa hiyo hufichwa kwenye punje za milimita moja hivi. Katikati ni chembe ya sukari, juu yake tabaka la dawa, kisha tabaka jembamba la kutenganisha, na nje kabisa ganda la polima lisiloyeyuka kwenye asidi. Polima za kundi la metakrilati hutumika sana, na ile inayofunguka kuanzia pH 5.5 ndiyo inayofaa hapa, kwani hufunguka mara punje zinapoingia utumbo mwembamba. Kwa kuwa punje ni ndogo, hazisubiri mlo umalizike kama kidonge kikubwa. Hutoka tumboni kwa mafungu.

Wengi hawalijui lile tabaka la kutenganisha, nalo ndilo linalobagua bidhaa nzuri na mbovu. Ganda la nje lenyewe lina asili ya asidi. Likigusana moja kwa moja na omeprazoli, dawa huanza kuoza ikiwa bado kwenye boksi, na ushahidi wake ni rangi. Fungua kapsuli moja juu ya sahani nyeupe. Kwa punje zenye nguvu ya asilimia 8.5, ambazo ni za kawaida sokoni, kapsuli ya miligramu 20 hubeba karibu miligramu 235 za punje. Zinatakiwa ziwe nyeupe au karibu na nyeupe, mviringo, zisizoshikana. Punje za kahawia au zambarau ni dawa iliyoharibika, hata kama tarehe ya kuisha bado miaka miwili.

Unyevu na joto huharakisha uozo huo. Kwa unyevu, Dodoma ina nafuu kuliko Tanga au Dar es Salaam karibu mwaka mzima. Kwa joto haina nafuu: duka dogo lenye bati bila dari, mwezi Oktoba au Novemba, hupita nyuzi 30 zilizoandikwa kwenye boksi bila shida yoyote. Tunashauri kununua kwenye famasi yenye kiyoyozi kinachofanya kazi au angalau dari na kipimajoto ukutani, na kuchukua stripu kamili. Kapsuli zilizomwagwa kutoka kwenye kopo na kufungwa kwenye bahasha ya kaki zimeacha nyuma kile kifuko cha kunyonya unyevu kilichokuwa kikizilinda.

Mgonjwa asiyeweza kumeza kapsuli anaweza kufunguliwa punje zikachanganywa na kitu kichachu, azimeze bila kutafuna. Juisi ya ubuyu inafaa vizuri, na huku haikosekani. Uchachu wake unaliacha ganda salama. Maziwa freshi hayafai, kwa sababu pH yake ni karibu 6.7 na ganda litaanza kufunguka kwenye kikombe. Kwa sababu hiyohiyo, kijiko cha magadi ya kuokea au dawa ya maji ya kiungulia isinywewe pamoja na vidonge vyenye ganda la namna hii, ikiwemo bisakodili ya kulainisha choo: bisakodili ikifunguka tumboni huleta msokoto usiosahaulika.

Omeprazoli humezwa karibu nusu saa kabla ya kula. Anayeinywa kiungulia kikishapanda, kama anavyokunywa dawa ya maji, ataiona haifai, ilhali kosa si la kapsuli.

Hukumu: bidhaa nzuri kwa bei yake, yenye tofauti kubwa mno kati ya shehena na shehena. Sahani nyeupe itakusaidia kuliko jina la boksi.

Nifedipini: majina yanayofanana, vifaa visivyofanana

Kwenye kaunta ya presha kuna nifedipini ya miligramu 20 iliyoandikwa "retard", na kuna ya 30 au 60 ya kumeza mara moja kwa siku. Watu huzibadilisha kana kwamba ni namba za viatu. Retard ya 20 hutegemea zaidi ukubwa wa fuwele za dawa yenyewe, ambayo haipendi kuyeyuka. Humezwa mara mbili kwa siku. Ya 30 na 60 katika muundo wake wa asili ni pampu ya osmosi: kidonge chenye utando wa selulosi asetati unaopitisha maji tu, tundu moja lililotobolewa kwa leza, na ndani tabaka mbili, moja la dawa na jingine la polima na chumvi linalovuta maji, likavimba na kusukuma dawa kupitia tunduni. Huyu ndiye anayetoa karibu sawasawa saa hadi saa. Gamba tupu hutoka chooni, na kwa mtu aliyewahi kuwa na utumbo uliobanwa au kovu, gamba hilo lisilobonyea ni hatari. Mwaka 1983 nchini Uingereza, Osmosin, kidonge cha indometasini kilichotumia pampu ya namna hii, kiliondolewa sokoni baada ya wagonjwa kutoboka utumbo.

Boksi za 30 zinazouzwa sasa si zote zenye pampu. Baadhi ni uteute wa haipromelosi kama metformini. Soma karatasi ya ndani kabla ya kuhama kutoka moja kwenda nyingine, na presha ipimwe upya wiki za mwanzo.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuponda. Mgonjwa wa kiharusi anayelishwa kwa mpira wa puani akipondewa nifedipini ya 30 kwenye kinu, dozi ya siku nzima inaingia mara moja na presha inaporomoka ghafla. Metformini XR ikipondwa na kutiwa maji, nayo hugeuka uteute na kuziba mpira wenyewe. Ndugu wanaomuuguza mtu nyumbani wamuombe daktari aina ya kawaida au ya maji. Kwa presha amlodipini ya kawaida hukaa mwilini muda mrefu kwa asili yake, haihitaji kifaa chochote na inapondeka. Kukata kwa kisu ni vilevile: kidonge chenye utando au pampu kikikatwa hakuna kilichobaki cha kuzuia dawa. Mstari wa katikati uliochongwa kiwandani ni ruhusa pale tu karatasi ya ndani inaposema hivyo.

Nifedipini pia huharibiwa na mwanga, kwa hiyo stripu yenye rangi si urembo, usivitoe vidonge mapema. Na balungi liachwe, hulemaza kimeng'enya cha ukuta wa utumbo kinachoipunguza dawa hii.

Pombe lazima itajwe, tukiwa katika mji wa zabibu. Baadhi ya polima, hasa ethilselulosi, huyeyuka kwenye pombe kali, na kifaa kinaachia kila kitu kwa mkupuo. Palladone, kapsuli ya haidromofoni ya kutuliza maumivu, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2005 kwa sababu hiyo. Tangu hapo watengenezaji huombwa kupima vidonge vya aina hii kwenye asidi yenye pombe asilimia 5, 20 na 40. Mvinyo wa asilimia 12 si sawa na gongo. Ila kwa anayetumia metformini, unywaji mwingi una hatari yake nyingine kwenye damu, iwe XR au ya kawaida.

Diklofenaki na aspirini yenye ganda

Hizi tunazipitia haraka kwa kuwa malighafi haileti faida inayodaiwa. Diklofenaki ya 50 yenye ganda ni kidonge kimoja kizima, kwa hiyo ikimezwa baada ya mlo hubaki tumboni na mlo wenyewe, na jino linaendelea kuuma kwa saa kadhaa. Ya 100 ya kuachia taratibu inafaa maumivu ya viungo ya kila siku, si ya ghafla. Baadhi yake hutumia sitaili alkoholi, nta inayoyeyuka karibu na nyuzi 49, kwa hiyo boksi lililoachwa juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani pale stendi ya Nane Nane linaweza kuharibika ndani bila kuonyesha chochote nje. Na hakuna kati ya hizo mbili inayolinda tumbo kama inavyosemwa kaunta: sehemu kubwa ya madhara hupitia kwenye damu, ganda haliwezi kuyazuia.

Aspirini ya 75 yenye ganda iko hivyohivyo. Haijaonekana kupunguza kutoka damu kukubwa kwa tumbo ikilinganishwa na isiyo na ganda, na kwa baadhi ya watu hufyonzwa kwa kusuasua. Anayeshukiwa kuwa na shambulio la moyo hutakiwa kutafuna aspirini isiyo na ganda akiwa njiani kwenda hospitali.

Bidhaa inapotia shaka, mamlaka ya kupokea taarifa ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na makao yake makuu yako hapahapa Dodoma. Peleka vidonge vikiwa kwenye stripu yake, pamoja na boksi lenye namba ya toleo, jina la duka na tarehe ya kununua. Vifaa vidogo vya uchunguzi wa awali vinavyotumika mikoani hutambua kama dawa ipo na kwa kiasi gani. Kasi ya kutoka hupimwa maabara kuu, na kipimo hicho hula vidonge vingi, kwa hiyo stripu moja iliyobaki vidonge vitatu haitatosha.